Mkunga na Mkunga

Kila baada ya wiki mbili, Alhamisi, saa nane mchana,
naegesha gari la maktaba kando ya kanisa la Ardboe,
nateremsha ngazi, nawasha hita inayonuka vumbi lililoungua,
nangoja wasomaji watatu, wanne siku ya jua.

Dympna Coney huja wa kwanza.
Miaka themanini na mitatu, koti la mvua la marehemu mumewe,
mikono iliyopokea nusu ya kata hii
(mimi mwenyewe nilipita humo, rangi ya buluu, miguu mbele)
na kwapani kitabu kilekile kinene
cha ziwa na vilivyomo: matete, usubi, bata, samaki,
kila kiumbe amefungwa kwa mwenzake kwa mshale mwembamba.

"Umekimaliza?"
"Hakimaliziki. Nimekuja kugombana nacho."

Ugomvi uko ukurasa wa mia na kumi na mbili,
palipo habari za mkunga:
anavyofika kutoka bahari ya mbali, mwangavu kama kioo,
hata ukimlaza juu ya maandishi
utasoma sentensi kupitia ubavu wake;
anavyokaa matopeni miaka ishirini, akinenepa bila haraka,
kisha usiku mmoja wa vuli, mto umejaa, mwezi hakuna,
anaacha kula, macho yanapanuka,
anateremka na mto Bann kurudi alikotoka.
Na chini kabisa, kama mtu anayekiri deni:
mpaka leo hakuna aliyewahi kumwona akizaa.

"Elfu mbili mia nne na saba," anasema Dympna,
"nimewapokea mimi. Jikoni, ngazini,
mmoja ndani ya trela la farasi.
Huyu tu ndiye aliyenipita."

Filamu pia aliiona; nilimwazima diski.
Hakuipenda. Muziki mwingi,
na msimulizi ana sauti ya benki ikikuomba radhi.
Walilipiga picha ziwa kutoka angani, likang'aa kama sahani.
"Lakini kutoka angani hulinusi."

Kiangazi kile lilikuwa limegeuka:
kijani kizito, kama rangi ya mlango iliyomwagika.
Vibao vikapigiliwa, mbwa wasiguse maji.
Ndoano za Malachy, kaka yake, zikabaki misumarini,
na kila mtu akamtaja mwenzake,
mkulima akataja vyoo vya mji,
mji ukataja samadi ya mkulima,
na bomba likaendelea kutema, halina upande.

Dympna hakutaja mtu.
Aliketi kwenye ngazi ya gari, kitabu magotini,
akanisemesha taratibu
kana kwamba ndiyo naanza kujifunza kazi:

"Chupa ikivunjika, kwanza tazama maji.
Yakitoka meupe, chemsha chai.
Yakitoka kijani, mtoto ameshaanza kuchoka humo ndani.
Hapo huulizi nani kamchosha.
Hapo unakunja mikono ya shati."

Akaondoka. Kitabu akakiacha.

Sheria naijua, niliibandika mwenyewe mlangoni:
anayeandika ndani ya kitabu hulipa.
Jioni, katika kukagua, nikakuta pambizoni,
kandokando ya ile sentensi,
penseli, mwandiko wa mtu aliyezoea kujaza
saa, uzito, jina la mama:

Sijaitwa bado.

Kifutio kilikuwa mfukoni. Nilikishika hata kikapata joto.
Kisha nikakirudisha kitabu rafuni
kikiwa kimeupa mlango uso.

Aliyekichukua ni Fiachra, yule wa akina Quinn,
miaka tisa, meno ya mbele ndiyo yanaota.
Kiliporudi kilikuwa na harufu ya mkate,
na chini ya penseli, kwa kalamu ya rangi ya chungwa,
herufi kubwa zinazopanda mlima:

NAMBA YAKO YA SIMU NI IPI?