Kabureta

Ukutani kwa Sikudhani, Mwananyamala,
kwa rangi iliyobaki ya kupulizia bampa,
pameandikwa: SIASA NJE YA GETI.
Chini yake, kwa mkaa, mkono tusioujua:
na bei ya petroli je?

Jumapili tunafika kabla jua halijapasha bati.
Akwilini na suruali ya kanisani, kaikunja hadi magotini,
Mbaraka na chupa yake ya chai ya tangawizi,
mimi na tochi, maana mikono yangu, wanasema,
inaua nyuzi za nati.

Katikati yetu Pijo 504, ya sabini na nne,
rangi ya maziwa yaliyosahauliwa.
Waliinunua wawili, nusu kwa nusu,
kwa mjane mmoja wa Upanga
aliyewaambia: mkija kuiuza, msiniambie.

Hapo ndipo utasikia lugha yetu.
Taimingi imechelewa kidogo. Plagi ya tatu inakula oili.
Gasketi za Gerezani siku hizi ni karatasi ya daftari.
"Karatasi kwa sababu ya ushuru," anasema Akwilini.
"Karatasi kwa sababu ya wachuuzi wako," anasema Mbaraka.
Na geti limeshafunguka.

Kutoka gasketi hadi bandarini ni hatua moja.
Kutoka bandarini hadi kwenye katiba, nusu hatua.
Ikitajwa shokapu litatajwa shimo,
likitajwa shimo atatajwa diwani,
na chai inapoa.

Wiki ya uchaguzi
Akwilini alisema kura yake ilihesabiwa kabla yeye hajaamka.
Mbaraka, aliyesimamia kituo, vidole bado na wino,
aliweka spana chini polepole
kama mtu anayelaza mtoto.
"Unaniita mwizi?"
"Nimesema kura. Sijakutaja."
"Kituo kile ni mimi."

Hakupaza sauti. Alifungua nati nne,
tatu za namba kumi na tatu na ile moja iliyolika,
akang'oa kabureta (kainunua yeye, risiti anayo),
akaifunga kwenye gazeti la jana
akaondoka nayo kwapani kama mkate.

Mwezi na ushei Pijo ilikaa mdomo wazi.
Akwilini aliipangusa vumbi kila Jumapili,
akaongelea mpira, akaongelea mvua,
mpira na mvua havina pa kushika spana.
Siku moja alinigeukia: "Tozo hizi, wewe unazionaje?"
Nikasema, sijui.
Akanitazama kama betri iliyokufa.

Sikudhani akasema, silinda nne
zikilipuka kwa mpigo mmoja, gari haliendi popote,
kila moja na zamu yake.
Tukamwambia aache mahubiri, atupe bisibisi.

Mbaraka alirudi vuli ikiishia, viatu vimejaa tope, bila salamu.
Kabureta kaiosha hadi ndani ya jeti,
inang'aa kama kikombe cha harusini.
"Ilikuwa na mchanga. Nani alikuwa anatia mafuta ya kidumu?"
"Vituo vilikauka," Akwilini akajibu, "kwa sababu serikali yako..."
"Shika hapa."
Akashika.

Iliwaka mara ya tano, ikakohoa moshi wa buluu,
kisha ikatulia kwenye sauti yake ile
ya mtu anayesoma barua kimoyomoyo.
Hatukusikiana. Niliona midomo yao ikienda,
kidole cha mmoja hewani, spana ya mwenzake hewani,
mbu wakihama. Samahani sikuiona
kwenye mdomo wa yeyote, na nilitazama vizuri.

Mbaraka akapitisha mkono dirishani, akazima.
Kimya kikaikuta sentensi njiani:
"...na hizo fomu mlizificha wapi?"

Nikamulika plagi ya tatu.
Bado inakula oili.