Kawa Moja

Mimi ni mweka hazina wa jumuiya yetu, Igogo juu,
kule nyumba zilikokalia mawe kama kuku wanaoatamia.
Daftari langu halijui kifutio:
nikikosea napiga mstari, natia sahihi,
hata kosa lijulikane ni la nani.

Kwa hiyo niwie radhi, Bwana,
nikianza na hesabu.

Lugembe, mdogo wangu, tumbo moja:
mabondo kilo nne, mali ya watu waliomwamini mama,
yalitoka uvunguni usiku, hayakurudi;
cherehani ya bibi;
kitenge cha Pasaka, kabla ya Pasaka.
Na asubuhi ile mwaloni, Kirumba,
mbele ya wachuuzi wa dagaa na makorongo yanayowavizia,
mkono aliomwinulia mama.
Huo sikuuandika. Safu yake haipo.

Mahakamani wakasema upelelezi haujakamilika.
Wangu ulikuwa umekamilika.

Mama hakusema neno. Jumapili ya kwanza
aliamka kabla ya jogoo, akakaanga sato,
akasonga ugali, akaenda Butimba kwa mahabusu wake.
Na ya pili. Na ya tano, mvua ilipolitelezesha jabali,
akashuka mlima kwa makalio, kama mtoto,
chakula kifuani, viatu vikining'inia shingoni.

Askari wa lango alishamzoea.
"Mama, si ndiye huyu aliyekupiga?"
"Ndiye."
"Amekuomba radhi?"
"Bado. Ila ana njaa."

Nikamwambia, "Ibada sita umekosa."
Alikuwa anafuta jiko, hakunitazama:
"Ndiko ninakotoka."

Jumamosi moja nilichelewa kuhesabu sadaka.
Nikakuta mezani kawa moja, kubwa,
chini yake sahani mbili:
yangu ya usiku ule, yake ya kesho.
Nikafanya jambo la aibu. Nikawapima samaki
kwa shubiri, kwa mwanga wa simu,
nikitaka wangu azidi, walau kwa mkia.

Walilingana.

Nikakaa. Nilikuwa nimedhani yangu ni mshahara,
yake ndiyo sadaka.
Nikatafuta stakabadhi ya mshahara huo:
nani alilipia mgongo ulionipandisha Bugando
usiku wa degedege? Maziwa yale yalikuwa bei gani?
Ukurasa mtupu, Bwana. Ukurasa mtupu
mpaka nikaona haya mbele ya samaki.

Na wewe, ufukweni mwa ziwa jingine,
uliwawashia moto wa makaa watu waliokukimbia.
Ulikuwa umeshakufa; haki ya kufoka ulikuwa nayo.
Ukainama ukawageuzia samaki wasiungue.
Swali uliliweka baada ya kula.

Sisemi nimemsamehe. Nisikudanganye,
wewe usomaye hata daftari lililofungwa.
Nilibeba chombo tu, kwa kuwa goti la mama limevimba.
Mkuyuni tuliona magugumaji yamerudi,
yale yale tuliyoyang'oa mwezi jana,
na mama akasema yana maua mazuri.
Nikanyamaza.

Langoni wana kitabu. Safu ya nne: Uhusiano.
Kalamu imefungwa kwa uzi.
Nikaandika *jirani*.
Nikalitazama neno hilo.
Nikapiga mstari, nikatia sahihi,
juu yake nikaandika *dada*,
herufi zimepinda, wino umevuja,
na mama nyuma yangu ananidunga kidogo kwa fimbo:
"Fanya upesi, Nkwimba. Samaki anapoa."