Kubangua

Siku ya thelathini na tatu maziwa yalianza kuruka.
Si kucheua. Kucheua nakujua, nimelea wawili.
Haya yalivuka goti langu yakapiga ukuta,
meupe, bila nyongo, yamegandaganda.
Naye Mshamu akageuza kichwa kutafuta titi tena
kana kwamba yaliyotoka hayakuwa yake.

Mama mkwe akasema chango.
Jirani akasema nimembemenda,
akanitazama tumbo, akaondoka na chumvi yangu.
Zahanati wakasema mpe kidogo kidogo, mkalishe wima.
Nikamkalisha wima.
Yakaruka wima.

Wiki ya sita nilimvua shati karibu na koroboi
nikaona tumbo lake linatembea:
wimbi kutoka kushoto kwake, linapanda, linafika kulia,
linakwama,
kama mtu anayesukuma mlango uliokomewa kwa nje.
Nepi kavu tangu alfajiri. Utosi umedidimia.
Baba yake hakusubiri mnada.
Aliliweka rehani bomba la salfa,
tukashuka kutoka Newala, kona baada ya kona,
hadi Ndanda, yeye kifuani pangu, mwepesi kama gunia lililokung'utwa.

Daktari Mrope alisubiri anyonye, atulie.
Akapasha viganja, akabonyeza juu ya kitovu, kulia,
akafumba macho. "Hii hapa."
Akakichukua kidole changu chenye kovu la mafuta ya ganda
akakiweka pale: kitu kigumu, kinateleza,
ukubwa wa korosho ya daraja la mwisho.
"Mlango wa kutokea tumboni. Nyama yake imenenepa,
maziwa hayapiti."
"Ni mimi?"
"Si wewe. Si maziwa yako. Si mtu."
Nimeyakariri hayo kama sala.

Nilidhani watampasua usiku uleule.
"Damu yake imepoteza chumvi. Kwanza tuirudishe.
Kisu cha haraka ndicho kinachoua."
Siku mbili dripu, tone, tone.
Mrija puani. Sista Akwilina anapima nepi kwenye mzani,
anaandika, kama karani wa ghala.
Mtoto akilia njaa, kifua changu kilimjibu,
khanga ikalowa bure.

"Utamfanyaje?" nikauliza.
"Nitaipasua nyama kwa nje, urefu wa ukucha,
mpaka utando wa ndani uchungulie. Utando siugusi.
Ukitoboka..." Hakumalizia.
"Kumbe ni kubangua," nikasema.
Akanyamaza, kisha akacheka:
mama yake alibangua miaka yote, Chikundi.

Miaka kumi na moja nimekaa mbele ya jiwe.
Pigo moja, ganda lipasuke, kiini kitoke kizima.
Ukizidisha umevunja,
na iliyovunjika hununuliwa kwa bei ya huruma.
Nje ya chumba cha upasuaji mkono wangu
ulipiga hewa, polepole, pigo moja.
Tena pigo moja.

Jioni wakampa kijiko. Akatapika kidogo.
"Kawaida," akasema Sista, "tumbo bado lina kumbukumbu."
Usiku wa manane akanyonya, akanyamaza.
Nikaweka shuka tayari, nikangoja kishindo.
Nilingoja mpaka jogoo.
Nepi ilikuwa nzito.

Sasa ana miaka minne, na kovu kama ukucha.
Nikibangua hukaa kando, akila zilizovunjika.
Namwachia na nzima.