Mwashi

Miaka thelathini na miwili, hospitali ya Võru,
nilipiga picha mifupa ya watu.
"Shika pumzi," niliwaambia, "usitikisike,"
wakaishika, maskini, hata watoto.
Siku hizi naishika mwenyewe.

Saa saba usiku. Malori ya magogo yamelala;
mchana yakipita meza hutetemeka
na gamba hugeuka moshi.
Chini ya hadubini yumo mmoja
niliyemkamua kutoka kuvumwani
la mtaro ulio nyuma ya banda:
amiba, mdogo kuliko nukta ya kalamu.
Hana mkono, hana jicho,
lakini kajijengea nyumba
ya mchanga, punje kwa punje,
kubwa zikibeba, ndogo zikiziba mapengo,
gundi kaitoa mwilini mwake,
na mlango wa duara, ukingo umepindwa
kama mdomo wa mtungi.

Timazi aliipata wapi?

Haba na haba, husema watu.
Hapa kibaba chenyewe ni haba.

Lenzi huona ukanda mmoja tu,
mwembamba kuliko utando wa yai;
juu yake ukungu, chini yake ukungu.
Basi nageuza skrubu unywele mmoja, napiga.
Unywele mmoja, napiga.
Picha sabini na mbili, kisha kompyuta inazishona
ziwe nyumba moja ambayo hakuna jicho
lililowahi kuiona nzima kwa mara moja.
Nikiharibu ya arobaini, ukuta una ufa,
na ufa huo hauzibiki. Naanza upya.

Kaljo angecheka.
Alijenga nusu ya majiko ya kuotea moto ya Rõuge,
mimi akaniachia baraza la kozi tatu za tofali
na mwiko ndani ya ndoo, saruji imeugandia.
Sijauchomoa.
Mwiko ni mwiko.

Nyumba hii ni tupu. Mwenyewe kaondoka zamani,
mlango kauacha wazi.

Picha ya sitini na nne, kushoto mwa mlango,
kuna punje nyekundu.
Nyingine zote ni nyeupe kama sukari.
Mtaro ule ndimo alimosuuza zana zake jioni,
akipiga mluzi, maji yakiondoka na rangi.

Sisemi ni tofali.
Udongo wa huku una wekundu wake.
Nimeirudia tu picha hiyo
mara tatu,
pumzi nimeishika.