Duka la Nondo, Gerezani

Kompyuta ya ofisi imedai leseni tena,
kwa herufi nyekundu, mbele ya mteja.
Sefu akachomeka flashi: "Tuhamie Linux, mama.
Ipo Debian, ipo Mint, ipo Ubuntu."
Ubuntu? Hilo nalijua, kwetu ni utu.
Lakini utu unachapa ankara?

Siku tatu nimezijaribu
kama viatu vya mtumba Mchikichini:
moja ilibana,
moja ilimeremeta mno,
ya kijani ikakaa. Bado nikasita.

Ijumaa umeme ukakatika, ukarudi,
na Bi Zamda wa hesabu, aliyeapa hataigusa,
akaiwasha mwenyewe, akaandika:
nondo za milimita kumi na mbili, arobaini.

Printa ikakohoa.
Ikatoa.

Nikagonga muhuri.