Chumba Kilichopimwa kwa Magoti

Kabla sijagusa kiti hata kimoja nilipiga magoti mlangoni,
nikakizunguka chumba kwa magoti, kama mwenye nadhiri,
maana huo ndio urefu wa miaka minne.
Na huko chini niliona nini?
Miguu ya meza. Bomba la joto lililobambuka rangi.
Alfabeti yetu, herufi thelathini na tatu,
imeangikwa karibu na dari
ambako wasomaji wake ni nzi.

Nikamwita Ambrosi, mstaafu wa mgodi,
mwenye mapafu meusi na nyundo safi.
Nikamwambia: shusha.
Akashusha shubiri mbili. Nikamwambia: bado.
Akanitazama kama aliyeombwa kuuteremsha mwezi
aufunge kwenye kitasa.
Shusha, Ambrosi, mpaka herufi ishikike,
mpaka mtoto mwenye mafua aipigie chafya.

Herufi za Kijojia hazina kubwa wala ndogo,
zote zimejikunja kama vikono vya mzabibu.
Akazichonga upya kwa mbao za masanduku ya tufaha,
akazipiga msasa siku tatu,
kisha akapitisha shavu lake mwenyewe juu ya kila moja
kutafuta kibanzi.

Vitabu nimevigeuza uso nje.
Kitabu kinachomwonyesha mtoto uti wa mgongo
ni mwenyeji aliyekupa kisogo.
Ni kumi na saba tu, vitatu havina jalada.
Zulia la mama mkwe. Taa isiyochoma macho.
Na juu ya kila ndoano ya koti, jina:
Tekle, Barbare, Elizbari, Lukhumi.
Mkaguzi alikuja kutoka wilayani. Alilisifu zulia.

Lukhumi hakulijali zulia.
Wiki tatu alivipita vitabu vyangu
kama mtu anavyompita anayemdai,
akaenda moja kwa moja kwenye duka la mchezo,
kona niliyoipanga bila kufikiri sana:
mizani mbovu, makopo matupu, lebo zake.
Akafungua droo. Akapekua.
"Daftari liko wapi?"
Daftari gani?
"La madeni. Duka gani hili halina daftari?"

Nikaona aibu, na ilinistahili.
Hapa Chiatura, mshahara wa mgodi ukichelewa,
mji mzima unakula kwa daftari.
Bibi yake anauza mkate chini ya kituo cha magari ya waya,
na jina langu limo humo tangu Januari.
Huyu ameona kusoma kila jioni ya maisha yake:
kidole cha bibi kikishuka ukurasa,
midomo ikicheza,
na mtu mzima mbele ya kaunta akiinamisha kichwa.
Mimi nilidhani kusoma kunaanza na sungura.

Nikampa daftari, na penseli iliyofungwa uzi.
Akaandika mawimbi, fundo, duara lililokosa kufunga,
na herufi moja ya kweli, ya mwanzo wa jina lake,
imelala chali.
Akaweka kidole, akanisomea bila kusita:
"Mwalimu Mzevinari. Unga, kilo mbili.
Sabuni. Tangu Jumanne."

Kesho yake nikamwomba anisomee tena.
Unga ulikuwa kilo mbili zilezile.
Hakuongeza hata gramu.
Miaka ishirini na sita nafundisha, na sijui
kulieleza jambo hilo vizuri zaidi yake:
alama haisogei. Unalala, unaamka, inakungoja.

Dawa ya deni ni kulipa.
Nikang'oa kifungo cha koti, nikakiweka kwenye mizani.
Akalikata jina langu kwa mstari mmoja,
polepole, ulimi nje,
akapuliza unga wa penseli.

Ambrosi alikuwa kizingitini na kopo lake la misumari.
"Na mimi je? Nimeandikwa?"
Mtoto akafunua ukurasa mwingine,
akautazama kwa muda mrefu, kwa huruma kidogo.
"Wewe ni mikate," akasema.
"Mingi."