Maji Yanapoa

Ba, mavyaa wangu, analala stoo,
kati ya magunia ya karanga na makopo ya rangi isiyouzika.
Walisema, ngazi zimemshinda.
Walisema, huku chini hakuna joto.
Hakuna aliyesema: anajikojolea.

Mimi nilishuka stesheni ya Dodoma saa tisa usiku,
bibi harusi wa kutoka Tabora, viatu vipya vikinibana,
upepo ukanilisha vumbi kabla ya wakwe kunilisha peremende.
Naitwa Vanita.
Wakasema jina hilo halipatani na nyota ya Jitendra,
wakanipa Kanchan, kama mgeni anavyopewa shuka.
Ba hata hilo hakulitumia. Aliniita "wewe".
Chapati yangu ya kwanza aliinyanyua kwa vidole viwili,
akawaonyesha wageni: tazameni, ramani ya Afrika!
Kisha akamtupia mbwa wa mlinzi.
Funguo zilining'inia kiunoni mwake,
sukari nikipimiwa kwa kijiko.
Nilipozaa binti, kijiko kikawa nusu.
Nilipozaa wa pili
nikajifunza kunywa chai chungu.

Leo funguo ninazo mimi.
Sitadanganya: nimepima.
Mwezi mzima nilimpelekea uji uliopoa makusudi,
nikasimama nimwone akiumeza.
Haukunishibisha.

Wanaume wa nyumba hii wana vikao.
Jitendra na Hasmukh: nani alilipa hospitali,
mwezi huu kwako, ujao kwangu,
kama trekta la kukodi.
Urmila akapiga simu kutoka Singida, "Nileteeni mama yangu."
Hapo ndugu wakapatana, mara ya kwanza mwaka huu:
Mama ale kwa mkwe? Watu watasemaje!
Na watu wakija, Jitendra hujigamba,
"Mke wangu anamtunza Ba kama yai."
Yeye stoo hajaingia
tangu zabibu za Machi.

Jioni hii nilibeba beseni, sabuni, taulo.
Sikwenda stoo.
Niliviweka juu ya daftari lake la madeni.
"Mama ni wako. Maji yanapoa."
Akacheka. Akasema hiyo kazi ya wanawake.
"Alipokuosha wewe, hukuuliza ni kazi ya nani."
Binti zangu walisimama mlangoni na sare za shule,
hawakupepesa.

Akaenda.
Nikasikia kopo likianguka,
nikasikia, "Ba, inua mkono. Huo mwingine,"
sauti ya mtu anayefungua mzigo asioujua uzito wake.
Kisha sauti ya Ba, kavu kama bua la mtama:

"Vanita!"

Miaka kumi na tisa. Kumbe alilijua.

"Vanita, mwambie huyu, sabuni imeniingia machoni."

Nilikuwa nakanda unga.
Nikaendelea kukanda.
Baadaye nilisukuma chapati moja, laini, ya kuloweka kwenye maziwa,
maana meno yameisha.
Ilitoka na pembe tatu.
Nikaiacha hivyo hivyo.